Wingu Lililosubiri Hukumu

Wingu lilikamatwa Jumatatu saa nne asubuhi, kaskazini ya uwanda wa Kinyasi, na kufikia saa tano lilikuwa limeshafunguliwa jalada. Karani wa Mahakama ya Mvua, mzee mwembamba aitwaye Shabani Ntandu, aliliandikia namba kama alivyozoea kuliandikia kila shauri, akabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, kisha akaenda kugonga mlango wa Jaji Elinata Msengi.

"Limepatikana moja, Mheshimiwa," alisema. "Kubwa. Minara imelishika."

Elinata aliinuka akaenda dirishani. Lilikuwa wingu la kwanza baada ya miezi mitano. Lilikaa juu ya uwanda, jeusi chini, jeupe juu, wala halikusogea. Minara thelathini na sita ya chuma ilikuwa ikilitia chaji ya umeme ili matone yake yasukumane, yasikutane, yasidondoke. Wingu likiwa katika hali hiyo huweza kuburutwa kilomita mia mbili, upande wowote utakaoamriwa. Ila halishikiki milele. Kila saa huvuja maji kidogo kurudi hewani, na saa ya sabini na mbili ikipita kabla halijaanza kuburutwa, chaji hushindwa, nalo huyeyuka bila kumfaa mtu. Ndiyo sababu ukumbi wa mahakama ile haukuwa na saa ya kawaida ukutani. Ulikuwa na kioo chenye tarakimu zinazoshuka, na mawakili walijifunza kusema kwa kifupi.

"Walioomba ni akina nani?"

"Mji wa Chikombola, dhidi ya vijiji vya Mwandughe." Ntandu alisita. "Lakini hawaombi mgao, Mheshimiwa. Wanaomba tamko."

Elinata hakugeuka. Katika miaka kumi na tisa ya ujaji alikuwa ametoa tamko la ukomo mara mbili tu, na mara zote mbili watu walikuwa wameshahama wenyewe. Alichofanya ni kufunga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Mwandughe kulikuwa na watu. Vijiji vinane, watu elfu kumi na sita, wafugaji wa mbuzi na wakulima wa uwele.

Tamko la ukomo alilijua kuliko jaji mwingine yeyote, kwa kuwa yeye ndiye aliyeliandika. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja wakati huo, wakili mdogo kuliko wote katika kamati iliyotunga Sheria ya Haki ya Mvua. Kabla ya sheria hiyo, aliyekuwa na minara ndiye aliyekuwa na mvua, na vijiji vilikaa vikitazama mawingu yakiburutwa juu ya mapaa yao kwenda mijini. Sheria ilikipa kijiji, hata cha kaya arobaini, haki ya kusimama mbele ya jaji na kulidai wingu. Watu walicheza barabarani siku ile ilipopitishwa. Kifungu cha ukomo kiliingizwa mwishoni kwa nia ya huruma: ardhi ikishindwa kabisa kuzaa, mahakama itamke hivyo na kuifuta haki yake ya mvua, ili serikali ilazimike kuwahamisha watu na kuwapa ardhi kwingine badala ya kuwaacha wafe na mashamba yao. Siku hizo ardhi ya kwingine ilikuwapo.

"Waite wote kesho asubuhi," alisema.

*

Wakili wa mji, Rashidi Chilongola, hakuwa mtu wa makeke. Alizungumza taratibu, akaweka hoja zake moja juu ya nyingine kama mtu anayejenga ukuta. Bwawa la Chikombola lilikuwa na maji ya siku kumi na tisa. Watu laki tatu na nusu. Alimwita muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, akamwuliza wodi inapata ndoo ngapi kwa siku.

"Nne," alisema muuguzi.

"Na mnazalisha wanawake wangapi?"

"Ishirini na watano, thelathini." Alimtazama jaji, si wakili. "Tunamfuta mtoto kwa kitambaa kimoja na mama yake. Wiki iliyopita nimepoteza wazazi watatu kwa uchafu. Si kwa kukosa dawa, Mheshimiwa. Kwa kukosa maji ya kunawa mikono yangu."

Akafuata mhandisi wa minara, Zuhura Lechipya, aliyekuwa ameapishwa kama shahidi wa mahakama wala si wa upande wowote. Elinata alimwuliza swali alilojua wote ukumbini wanalisubiri: je, wingu haliwezi kugawanywa?

"Linaweza kugawanywa, Mheshimiwa, ila halitamfaa yeyote. Nusu yake ikimwagwa Mwandughe, ardhi ilivyo ngumu sasa, itakauka kabla haijafika kwenye mizizi. Nusu ikimwagwa Chikombola, haitafika usawa wa mabomba ya bwawa. Tutakuwa tumelowesha tope." Alitazama mikono yake. "Nimepiga hesabu mara nne. Nilitaka sana nikosee."

Chilongola akamalizia kwa sheria yenyewe. Ardhi hutamkwa imekoma ikiwa katika misimu kumi haikutoa mavuno matatu. Mwandughe ilikuwa imevuna misimu miwili. Akaketi.

Vijiji havikuwa na wakili. Aliyesimama kwa niaba yao alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, Sungi Kiula, fundi wa pampu za visima mpaka visima vyenyewe vilipokauka. Alikuwa na makovu ya spana kwenye vifundo vya vidole na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Mkononi alishika karatasi nne, hakuna zaidi.

"Mheshimiwa Jaji, mimi sheria sijasoma," alianza. "Pampu ninazijua. Pampu ikikataa kutoa maji, jambo la kwanza ninaangalia kama kuna mtu kafunga bomba. Sisemi pampu ni mbovu kabla ya kuangalia bomba."

"Endelea."

"Wanasema misimu kumi tumevuna miwili. Ni kweli, sibishi. Lakini katika hiyo kumi, misimu minne hatukupewa mvua. Si kwamba mawingu hayakuja. Yalikuja, yakashikwa, yakapelekwa Chikombola kwa amri ya dharura. Ninazo hizo amri." Akainua karatasi. "Kwa hiyo mvua tuliipata misimu sita. Sita tumevuna miwili. Mwanangu anayejua hesabu kanipigia: miwili katika sita ni zaidi ya mitatu katika kumi. Ni kidogo tu, lakini ni zaidi. Ardhi yetu haijafa, Mheshimiwa. Mmetunyima maji, kisha mnatushitaki kwamba tumekauka."

Chilongola aliinuka nusu, akafikiri, akarudi kuketi.

"Leta hizo amri nizione," alisema Elinata.

Sungi alizipeleka mwenyewe mpaka mezani, kabla karani hajawahi hata kunyoosha mkono. Ya kwanza ilikuwa na saini ya jaji mwenzake aliyekwisha kustaafu. Tatu zilizobaki zilikuwa na saini ya Elinata Msengi. Alizikumbuka zote. Kila moja aliitia saini akiamini ni ya msimu mmoja tu.

*

Siku nzima ya Jumatano hakutoka ofisini. Ntandu alimletea chai na viazi, akaviondoa vikiwa vimepoa. Nje, katika uwanja wa mahakama, watu wa Mwandughe walikuwa wameketi chini kwa makundi, na ng'ambo ya barabara walikuwapo wa Chikombola, waliokuja kwa malori matupu ya maji. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Wote walikuwa wakitazama juu.

Alianza kuandika saa tatu asubuhi, na sehemu ya kwanza ilitiririka. Aliandika kwamba mahakama haiwezi kusababisha ukame kwa amri yake yenyewe kisha ikautumia ukame huo kama ushahidi. Aliandika kwamba misimu ya amri za dharura haipaswi kuhesabiwa. Aliandika kwamba kwa hesabu iliyo halali, ardhi ya Mwandughe iko hai, na wajibu maombi, yaani vijiji vyenyewe, wana haki kisheria na kwa utu. Hiyo ikawa aya ya ishirini na mbili. Aliisoma mara mbili. Katika maisha yake yote hakuwa ameandika jambo alilolisadiki zaidi.

Kisha kalamu ikagoma.

Saa tisa alasiri alimwita mhandisi Zuhura. Haikuwa desturi jaji kumwita shahidi ofisini, kwa hiyo aliwaita Sungi na Chilongola nao wasikie. Waliketi watatu kwenye benchi moja, wakijibana.

"Nikikataa tamko," Elinata alimwambia mhandisi, "wingu likaenda Mwandughe, watavuna?"

"Naweza kusema nusu kwa nusu, Mheshimiwa."

"Na Chikombola?"

"Hakuna wingu jingine popote vipimo vyetu vinapofika. Siku kumi na tisa zitakwisha. Mji wa namna ile hauwezi kuhamishwa kwa siku kumi na tisa. Watakaoweza kutembea watatembea."

"Kuelekea wapi?"

Chilongola ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, bila kumtazama jirani yake kwenye benchi: "Mwandughe ndiko kutakakokuwa na maji, Mheshimiwa. Watakwenda huko."

Sungi alivua miwani yake akaifuta kwa upindo wa khanga. "Laki tatu," alisema. Hakulisema kwa hasira. Alikuwa kama fundi anayepima kitu kwa jicho na kuona hakitaingia.

"Siwezi kuwapa wao msimu huu na nyinyi msimu ujao?" Elinata aliuliza akimtazama Sungi, ingawa jibu alikuwa nalo. "Amri nyingine ya dharura."

"Sheria yako ilizuia, Mheshimiwa," alisema Chilongola. "Amri za dharura mwisho nne kwa eneo moja. Mliogopa zingetumiwa vibaya."

Waliogopa kweli. Alikumbuka chumba kile cha kamati, na jinsi alivyogonga meza mpaka ile nne ikakubaliwa. Wenzake walitaka kumi. Sasa mlango wa kuazima mvua ulikuwa umefungwa, na uliobaki wazi ulikuwa ule wa kuichukua moja kwa moja.

Walipotoka alikaa peke yake. Alijaribu kuwaza watoto wa wodi ile, akajaribu kuwaza watoto wa Mwandughe, akaona anajidanganya. Hakuwa anawaza mtoto yeyote, alikuwa anawaza laki tatu na nusu na elfu kumi na sita. Jua lilipoanza kushuka upande wa minara alishika kalamu tena. Aliandika haraka, kama mtu anayevuka maji ya baridi. Aya ya thelathini na moja ilisema kwamba pale ambapo haki ya wachache, ingawa ni halali, haiwezi kutekelezwa bila maangamizi ya wengi, mahakama italazimika kuhesabu misimu yote kumi kama ilivyo, bila kujali sababu ya ukame.

*

"Koorti," aliita Ntandu Alhamisi saa mbili na nusu, na watu wakasimama.

Alisoma hukumu yote. Angeweza kusoma amri tu, mawakili humruhusu jaji kufanya hivyo wingu linapovuja, lakini aliona watu wale walistahili kusikia kila neno. Alipofika aya ya ishirini na mbili, alisikia mnong'ono ukipita upande wa Mwandughe. Mzee mmoja aliyekuwa na fimbo alimgeukia mwenzake akatabasamu. Walidhani wameshinda. Elinata alilazimika kuendelea kusoma huku akiliona lile tabasamu, aya baada ya aya, mpaka lilipofutika.

Hakuna aliyelia ukumbini. Sungi Kiula aliinamisha kichwa kwa heshima kama sheria inavyotaka, akasema, "Tumesikia, Mheshimiwa," akatoka.

Saa tatu na dakika kumi minara ilibadilisha mlio. Wingu lilitikisika, likaanza kwenda mashariki, polepole kama ng'ombe anayevutwa kwa kamba. Kivuli chake kilipita juu ya uwanja wa mahakama, kikapita juu ya watu wa Mwandughe waliokuwa wameketi palepale, na kwa dakika chache wakapata ubaridi. Kisha jua likarudi. Waliinuka, wakakung'uta nguo zao, wakaanza kuulizana nani ana nafasi kwenye gari.

Elinata aliyaona yote kutoka dirishani. Alitaka kusikia kwamba amefanya kile ambacho kingefanywa na mtu yeyote. Ntandu, aliyekuwa nyuma yake akikusanya majalada, alikuwa mtumishi wa miaka mingi na angeweza kumwambia hivyo. Aliyafunga majalada kwa kamba, akatoka.

*

Ijumaa asubuhi kulikuwa na mzozo kwenye dirisha la masjala. Elinata alisikia sauti akashuka.

Sungi alikuwa amerudi na karatasi ya rufaa, imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa kubwa. Ntandu alikuwa akiandika jina la Mwandughe kwenye mashine, anafuta, anaandika tena.

"Haipokei, Mheshimiwa," alisema. "Eneo limefutwa kwenye daftari tangu jana. Inasema mkata rufaa hayupo."

"Mimi si huyu nimesimama hapa?" alisema Sungi.

"Wewe upo, mama. Mwandughe ndiyo haipo."

Wote wawili walimgeukia jaji. Elinata alijua kifungu kwa namba yake. Haki ya kushitaki ni ya eneo, si ya mtu. Ndivyo walivyoandika, ili kijiji kisivunjwe kwa kununuliwa mtu mmojammoja. Hawakufikiri nini kitatokea eneo likishafutwa. Au pengine mmoja wao alifikiri, na saa zilikuwa zimekwenda, na watu nje walikuwa wameshaanza kucheza.

"Siwezi kuipokea," alisema. "Hakuna njia."

"Hata nikienda mahakama ya juu?"

"Watakuuliza unatoka wapi."

Sungi aliikunja karatasi yake mara nne. Kisha akasema kwa lugha ya nyumbani kwao, ambayo Elinata aliielewa ila hakuwa ameisikia mahakamani siku zote zile, "Dada, basi nipe ile sehemu uliyosoma. Ile inayosema tulikuwa na haki. Kule kuna wazee hawakuweza kuja. Hawataniamini nikisema kwa mdomo."

Nakala za hukumu hutolewa kwa wahusika wa shauri pekee, na Mwandughe haikuwapo tena. Elinata alichukua karatasi nyeupe kwenye dawati la Ntandu, akaiandika aya ya ishirini na mbili kwa mkono wake, kwa kichwa, bila kukosea neno. Chini aliweka jina lake. Hakuwa na ruhusa ya kuweka mhuri.

Sungi aliisoma akifuata kwa kidole. "Imeandikwa vizuri," alisema. "Itatusaidia nini?"

"Haitawasaidia kitu."

"Sawa." Aliiweka ndani ya kifuko cha plastiki alichokuwa akiwekea vipuri, akafunga kwa mpira. "Malori yanakuja Jumatatu. Wametuambia kila kaya magunia mawili. Mbuzi hawaruhusiwi."

"Wanawapeleka wapi?"

"Kambi ya mapokezi, nyuma ya bwawa la Chikombola." Alivaa miwani yake vizuri. "Tutakunywa kwenye mvua yetu, angalau."

Elinata alitamani aone dalili ya kejeli usoni pake. Hakuiona. Mwanamke yule alimpa mkono, kwa mikono miwili kama mtu anavyompa dada yake mkubwa, akaondoka kwenda kufunga magunia.

*

Bwawa lilidumu mpaka mwisho wa Agosti. Katika wodi ya wazazi ya Chikombola walipata ndoo kumi na nne kwa siku, na muuguzi mkuu alituma barua fupi ya shukrani ambayo Elinata aliisoma mara moja akaifungia kabatini. Kambini, wazee kumi na mmoja wa Mwandughe walifariki kabla ya miezi miwili kwisha. Daktari aliandika kwamba sababu ni uzee.

Mwanzoni mwa Septemba minara ilikamata wingu jingine, dogo, upande wa kusini. Ntandu alikuja na jalada. Halafu akarudi na la pili, akarudi na la tatu.

"Yote matatu ni maombi ya tamko," alisema. "Miji mitatu, vijiji ishirini na saba. Vijiji vyote vilishanyimwa mvua kwa dharura mara nne, kama Mwandughe."

"Mimi siwezi kuyasikiliza haya," alisema Elinata. "Tafuta jaji mwingine."

"Kuna Jaji Mwaluko peke yake, Mheshimiwa, na amesema atafuata uamuzi wako. Anasema suala limeshaamuliwa."

Alifungua jalada la kwanza. Hoja za waombaji zilikuwa ukurasa mmoja tu. Hazikuhitaji zaidi, zilikuwa na jina lake mara saba.

"Wote wamenukuu aya ya thelathini na moja?"

"Wote."

"Na ya ishirini na mbili?"

Ntandu aliyapitia majalada yote matatu, ingawa alikuwa ameshayasoma. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akigeuza kila karatasi.

"Hakuna aliyeitaja, Mheshimiwa."

Chini uwanjani, watu wa kijiji cha kwanza walikuwa wanashuka kwenye gari. Walikuwa wamevaa nguo zao nzuri, za kanisani na msikitini, na mwanamume mmoja alikuwa ameshika karatasi nne mkononi. Alimwuliza mlinzi jaji anapatikana wapi. Mlinzi akamwonyesha mlango.